Wivu wa Apolonija Mavri wa Zabrdnica

Baba Padri, shangazi Justina, ndugu zetu, majirani wa Zabrdnica, nanyi mliopanda mlima asubuhi hii kutoka Cerkno na Idrija, kwa niaba ya familia ya Mavri nawaomba mketi, kwa kuwa historia hii si fupi, na marehemu hakupenda kabisa kusikilizwa na watu wanaobadilisha mguu kila dakika. Mimi ninayewasomea ni Klavdija, binti yake. Wiki tatu kabla hajafariki aliniita kitandani akanipa maagizo, akaniambia nisithubutu kuandika kwamba alikuwa na moyo mweupe, maana wote mliomo humu mnamjua, mtatazamana na kucheka chini ya mitandio. "Sema nilikuwa na wivu," alisema, "halafu sema Mungu alinifanya nini na wivu wangu, hilo ndilo la kusoma, mengine ni tarehe tu." Basi nitasoma tarehe kama desturi inavyotaka, na nitausoma na wivu.

Marehemu Apolonija, ambaye sote tulimwita Polona, alizaliwa tarehe 9 Februari 1938, katika nyumba ya akina Obid hapa hapa Zabrdnica, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Izidor Obid, fundi wa mapipa, na marehemu Marjana, enzi ambazo tulitawaliwa na Italia na karani wa Kiitaliano aliandika majina yetu kwa namna iliyompendeza yeye. Alitanguliwa na dada yake Filomena, ambaye naye ni marehemu, na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ndipo kijicho kilipoanzia, kwa sababu kila kitu kilichomfikia kilikuwa kimeshavaliwa na Filomena, koti, soksi, hata kitabu cha sala kilikuja kikiwa na alama za vidole vya jamu. Siku ya Komunyo yake ya Kwanza, mwezi Mei 1946, alikwenda altareni na viatu vilivyokwisha kushika umbo la miguu ya mtu mwingine, na alisema kwamba wakati wenzake wanaomba utakatifu, yeye alimwomba Yesu jambo moja tu, viatu ambavyo havijawahi kuwa vya mtu, akavipata alipoolewa, navyo vilimbana.

Alianza shule Septemba 1945, vita ikiwa imekwisha na walimu wamerudi kufundisha kwa lugha yetu, akamaliza mwaka 1953, na miaka hiyo yote, nyakati za mchana majira ya baridi, alikwenda pia katika shule ya lesi, ambako wasichana walikaa kwa safu, kila mmoja na mto wake wa mviringo na vijiti vyake, wakisuka. Alikuwa na mkono mwepesi, wala sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu, ila siku moja mwalimu Ernesta alitundika ukutani kazi ya msichana mwingine aitwaye Danica, na Polona alipofika nyumbani aliifumua kazi yake yote, ya majuma sita, akaanza upya bila kula. Kitambaa kinachofunika altare leo, hicho hapo mbele yenu, ni kazi yake, na mnaweza kuamini kwamba kilisukwa kwa upendo wa Mungu, lakini mjue pia kwamba kilisukwa ili Danica akione kila Jumapili.

Mwaka 1955 aliajiriwa jikoni katika shule ya Cerkno, akiwa msaidizi, baadaye akawa mpishi mkuu, na akapika ugali, supu ya kabichi na maandazi kwa vizazi vya watoto hadi alipostaafu mwezi Juni 1991, wiki ileile nchi yetu ilipojitangazia uhuru, jambo ambalo lilimuudhi kidogo, kwa kuwa watu wote walikuwa wamekaza macho kwenye televisheni na hakuna aliyeizungumzia sherehe yake ya kumuaga.

Tarehe 18 Aprili 1959, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na marehemu Vencelj Mavri, mkata miti, mtu mpole mwenye sauti kubwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Klavdija aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1961, na Ambrož aliyezaliwa tarehe 7 Desemba 1966. Pamoja na mume alipata wifi, naye ni huyu shangazi Justina aliyekaa hapa mbele, dada wa Vencelj, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa na marehemu Feliks Sedej katika nyumba ya chini karibu na kanisa. Shangazi ameniruhusu kuyasoma yote yanayofuata, tena amesema nikiruka hata neno moja ataninyang'anya karatasi asome mwenyewe.

Marehemu alimwonea wivu wifi yake kuliko alivyomwonea mtu yeyote duniani. Justina alikuwa na watoto watano wenye mashavu mekundu, alikuwa na paa la vigae vipya, mkate wake wa Noeli, ule wa kukunja wenye njugu na asali, uliumuka bila kumuuliza mtu, na ng'ombe wake walizaa majike mwaka baada ya mwaka, ilhali wa kwetu, kama wasemavyo, ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi kilimhusu Bikira Maria, na hapa wageni mnivumilie nieleze maneno mawili, wenyeji mnayajua.

Jioni tisa kabla ya Noeli, toka tarehe 15 Desemba, sanamu ya Maria hutoka kanisani ikabebwa nyumba hadi nyumba, ikalala usiku mmoja kwa kila familia, na jioni inayofuata mama wa nyumba huizungushia shali nyeupe, akaipeleka kwa jirani huku watu wakiimba na taa mikononi, akabisha hodi na kusema, "Maria anaomba malazi," na mwenyeji akajibu, "Nyumba ni yake." Zabrdnica ina nyumba kumi na jioni ni tisa, kwa hiyo kila mwaka nyumba moja hurukwa kwa zamu, na safari huanzia juu kabisa kushuka, kwa hiyo usiku wa mwisho, ule wenye wageni wengi, nyimbo nyingi na vyakula vingi, ulikuwa wa Justina, kwa sababu tu nyumba yake iko chini. Nyumba yetu ni ya pili kutoka chini. Maana yake ni kwamba karibu kila mwaka marehemu alikaa na Maria usiku mmoja wa kimya, halafu kwa mikono yake mwenyewe akamkabidhi kwa mwanamke ambaye tayari alikuwa na kila kitu.

Tarehe 3 Machi 1972 Vencelj aliangukiwa na mti msituni akafariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, akamwacha Polona mjane na watoto wawili. Mwezi Desemba mwaka huo zamu ya kurukwa haikuwa yetu, ilikuwa ya nyumba ya juu kabisa, lakini kina mama wa kijiji walikutana, wakisimamiwa na Justina, wakakubaliana kwamba nyumba yenye msiba isisumbuliwe kuoka na kukaribisha wageni, na kwa huruma yao wakaturuka sisi. Hawakumwambia, kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia. Jioni ya tarehe 22 marehemu alikuwa ameshafagia, ameshaoka, ameshawasha mshumaa dirishani, akasikia nyimbo zinashuka, akasimama nyuma ya mlango na aproni safi, na nyimbo zikafika, zikapita, zikaendelea kwenda chini.

Alikula ule mkate na sisi watoto kwa juma zima bila kuutaja, na hakumuuliza mtu. Moyoni mwake alijua kilichotokea, ndivyo alivyosema baadaye, alijua kwamba Mungu ana watu wake anaowapenda, kama mwalimu alivyo na vipenzi vyake darasani, na kwamba yeye Polona hayumo, na kwamba hata Mama wa Mungu amekatazwa kuingia kwake. Toka siku hiyo alikwenda kanisani kwa sababu ya majirani tu, akaketi nyuma, akawa anahesabu nani amebarikiwa nini.

Oktoba 1973 Ambrož aliugua ugonjwa wa damu. Alilazwa Ljubljana kwa majuma saba, na wiki ya pili ya Desemba madaktari wakamrudisha nyumbani, wakamwambia mama kwa upole kwamba ni vizuri mtoto awe kwake wakati wa Noeli, na mama akaelewa walichokuwa wanasema. Mwaka ule Maria hakupita nje ya mlango wetu. Aliingia kwetu jioni ya tarehe 22, akawekwa juu ya kabati, karibu na benchi la jiko la kuni ambako Ambrož alikuwa amelazwa apate joto, na mama akakaa kati yao usiku ule, na ilipofika asubuhi alikuwa amekwisha kuamua.

Jioni ya tarehe 23 watu walikusanyika mlangoni na taa zao, theluji ikiwa imefika magotini, wakaimba wimbo wa kwanza, wakaimba na wa pili, mlango haukufunguliwa. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Polona, "Leo hatoki." Watu wakacheka, wakadhani ni utani, mzee Gašper akaita, "Polona mwanangu, acha mzaha, tunaganda huku nje!" Naye akajibu, "Gandeni." Wakaacha kucheka. Mmoja akasema akaitwe padri, mwingine akasema huyu maskini amechanganyikiwa, na mtoto mmoja akatumwa mbio kwa Justina, ambako meza ilikuwa imeshaandaliwa na nusu ya kijiji inasubiri.

Justina alipanda vilevile alivyokuwa, aproni ina unga, miguuni ndara za jikoni. Nilikuwa ndani, nina miaka kumi na miwili, na nilisikia kila neno, kama walivyosikia wote waliokuwa nje.

"Wifi, fungua."

"Rudi kwako, wifi. Una kila kitu, huyu mmoja niachie."

"Polona, watu wamejaa kwangu, mkate umeshakatwa."

"Najua umeshakatwa, na umeumuka. Na ng'ombe wako wanazaa majike, na watoto wako wanakohoa Jumatatu Jumanne wamepona. Hebu niambie, wifi, Mungu alikukuta umesimama wapi, na mimi niende nikasimame papo hapo!"

Justina akasema kwamba huyo si Maria wa mtu mmoja, na marehemu akapandisha sauti, akasema, "Mwaka jana mlipita hapa na taa zenu, mnaimba! Nilikuwa nimesimama hapa hapa, aproni nimevaa!"

"Tulikuonea huruma! Ulikuwa na msiba, tukasema usihangaike kupika."

"Nani alikwambia kupika kunanihangaisha? Nawapikia watoto mia mbili kila siku ya Mungu! Huruma gani hiyo ya kumpita mtu?"

Hapo, waombolezaji, kilitokea kile ambacho marehemu alikitaja kwa miaka hamsini kila mtu alipomuuliza alianzaje kumwamini Mungu tena. Justina hakugombana, hakuita padri, alikaa chini kwenye ngazi, juu ya theluji, mbele ya kijiji kizima, akasema kwa sauti ndogo, "Unajua Feliks ananiitaje? Ananiita 'wewe'. Miaka kumi na sita, Polona, sijasikia jina langu ndani ya nyumba ile. Kaka yangu alikuwa akitoka msituni anaanza kukuita tangu kwenye kona, Polona, Polona, mpaka mbwa wanaitika. Mimi nilikuwa nafungua dirisha nisikilize. Nilikuonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Na alipokufa, Mungu anisamehe, yeye ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini kabla sijalia niliwaza, haya, sasa tumelingana."

Mlango ulifunguliwa. Marehemu alisisitiza niseme kwamba hakuufungua kwa upendo, aliufungua ili ampige, na alikuwa ameshanyanyua mkono, ila alikuta mbele yake mwanamke wa miaka thelathini na saba anatetemeka kwenye ndara zilizolowa, na alipomtazama, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuona kitu cha kumwonea wivu. Akamvuta ndani kwa kola, akamketisha karibu na jiko, akamvua ndara, na shangazi alipomwona Ambrož karibu, jinsi alivyokuwa mweupe, akashika mdomo. Hakuwa amejua hali imefika hapo, hakuna aliyekuwa amejua, kwa sababu mama hakuwa akimfungulia mtu. Akasimama na miguu mitupu, akatoka mlangoni, akawaambia watu, "Shukeni mkalete vyakula vyote. Maria analala hapa."

Wakaleta. Soseji, mkate, mvinyo wa moto, viti, mabenchi, na Feliks mwenyewe akapanda amebeba sufuria. Jiko letu halikuwahi kuingia watu wengi kiasi kile, wakaimba wamebanana, jasho linawatoka, na Ambrož, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi yake, aliomba kipande cha mkate wa shangazi, akala, akaomba cha pili. Mama alikiona kile kipande cha pili akaenda stoo kulia. Wageni walipoondoka alimshusha Maria kabatini, akamkumbatia mpaka kukapambazuka.

Asubuhi ya tarehe 24 marehemu Padri Severin, paroko wetu wakati huo, alipanda kuifuata sanamu, na mama alimngoja amejiandaa kwa maneno makali. Alimwambia kabla hajaketi, "Baba Padri, usinihubirie. Mimi nina wivu. Namwonea wivu kila mtu ambaye Mungu anampenda kuliko mimi." Padri akaomba kahawa kwanza, akanywa, kisha akamwambia, "Mwanangu, Mungu naye ana wivu, kasema mwenyewe. Ila wewe unawaonea wivu wenzako kwa vile walivyopewa, yeye ana wivu kwa ajili yako, hataki kukuachia, si kwa huzuni, si kwa kifo. Ulimshika Maria usiku kucha, nikikutazama naona mikono imekufa ganzi. Basi naye anakushika vivyo hivyo, lakini mkono wake haufi ganzi." Mama aliizungushia sanamu shali, akaibeba mwenyewe kutoka kwetu mpaka kanisani, akiipita nyumba ya Justina, na Justina akitembea pembeni yake, amemshika kiwiko.

Ambrož alifariki tarehe 11 Januari 1974, saa tano asubuhi, akiwa na miaka saba.

Nimeagizwa nisipambe hapa. Marehemu hakuitikia msiba huo kwa imani kubwa kama watu wa vitabuni, alikasirika, hakukanyaga kanisani mpaka Pasaka, na picha ya Moyo Mtakatifu aliigeuza ikatazama ukuta. Justina alikuja kila jioni baada ya kukamua, akiwa na mto wake wa lesi, ingawa hajui lesi hata leo, akakaa jikoni akivurugavuruga nyuzi, na mama akakaa upande wa pili akimsahihisha kwa hasira. Kuhusu miezi ile mama aliwahi kusema hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema, "Nilimwomba mtoto, nikapewa wifi. Nikamwambia Mungu, hesabu zako hazikubali. Lakini wifi akaja kesho, akaja na kesho kutwa, na jioni moja alichelewa, nikajikuta nimesimama dirishani namngoja. Nikajua basi, sijafa, maana mtu anayengoja bado anategemea kitu. Na kama Mungu hakunipa nilichotaka, hakuniacha peke yangu nilipokikosa." Jioni hiyo hiyo aliigeuza ile picha ikatazama chumbani. Mimi niliyebaki niliyaona haya yote nikiwa binti mdogo, na sitaficha kwamba nilikuwa na wivu wangu pia, kwa sababu mtoto aliye hai hushindana na aliyekufa, na aliyekufa hakosei kamwe, lakini mama alilijua hilo bila kuambiwa, akaanza kunisuka nywele kila asubuhi, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa.

Desemba ya mwaka huo 1974 Justina alisimama mbele ya kina mama akatoa usiku wake wa mwisho, akasema safari inaweza kupanda mlima badala ya kushuka, miguu tunayo, na tangu hapo katika kijiji chetu nyumba iliyozika mtu mwaka huo hairukwi, bali hupewa usiku wa mwisho, na watu wote huenda huko na vyakula vyao. Ni heshima pekee hapa Zabrdnica ambayo hakuna anayemwonea mwenzake wivu. Mwaka 2006 kijana wetu Tilen Peternelj alipofiwa na mkewe, akasema yeye amechoka, asipelekewe mtu wala sanamu, marehemu, akiwa na miaka sitini na minane, alikwenda kwake na ndoo na ufagio, akamwambia, "Kulia utalia, ila kurukwa hutarukwa, sogea nideki," na Tilen yupo hapa leo, ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Msije mkadhani alipona wivu. Alimwonea wivu Justina kwa meno yake, kwa sababu bado anayo, alimwonea wivu shemeji yangu kwa gari, alimwonea wivu Filomena kwa kutangulia kuzikwa kabla kaburi halijapanda bei, na alimwambia Mungu yote haya kila jioni kwa sauti, kama mtu anayemlalamikia mume wake, nasi tulimsikia kupitia ukutani. Lakini alikuwa akimalizia na maneno yaleyale, "Haya, nimesema, sasa nishike." Kisha alilala, na alilala vizuri.

Mwezi Aprili 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, na hospitalini alilalamika kwamba mama wa kitanda cha pili ana wageni wengi kuliko yeye, mpaka ikabidi wajukuu wapangiane zamu. Septemba aliomba arudi nyumbani. Tarehe 2 Novemba alipokea Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi akiwa na akili zake zote, na mchana wa Jumamosi tarehe 4 Novemba shangazi Justina, ambaye ana miaka themanini na saba, alipanda kwa miguu, akakaa kitandani, akamshika mkono. Kisha shangazi akasema, "Wifi, leo nakuonea wivu. Unakwenda kumwona Vencelj, unakwenda kumwona Ambrož, unakwenda kumwona Mungu mwenyewe, mimi unaniacha hapa na magoti haya."

Marehemu akafumbua macho, akacheka, kicheko chake kile kifupi, akasema, "Miaka yote hii nimengoja uniambie hivyo." Kisha akaukaza mkono wake, akamwambia, "Ngoja zamu yako, wifi. Hutarukwa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, akiwa ameshikwa.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, kitukuu mmoja, na wifi mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maoni yake kuhusu supu yao, Baba Padri aliyepanda mlima huu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, wafanyakazi wenzake wa jikoni mliokuja na mashada, majirani wote wa Zabrdnica mliokesha nasi, mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoanza kuganda, na ninyi kina mama ambao tangu Jumamosi hamjaruhusu jiko letu lizimike. Wale ambao sikuwataja msinione vibaya, na mkiona wivu kwa wenzenu niliowataja, marehemu angewaelewa kuliko mtu yeyote.

Tarehe 23 Desemba mwaka huu Maria atalala nyumbani kwake, nyote mnakaribishwa, mlango utakuwa wazi.

Mama, umeshikwa na yeye asiyekuachia, na leo hakuna hata mmoja kati yetu aliye na kitu ambacho wewe huna. Pumzika kwa amani.